Vuli Isiyo na Kindi

"Nani humu ndani amewahi kumwona kindi kwa macho yake mwenyewe?"

Hakuna mkono ulioinuka. Bi Verna Noske alisimama mbele ya ubao akiwa na karatasi kumi na tatu kifuani, akangoja. Hakuwa na haraka. Nje ya dirisha, upepo wa mwisho wa Aprili, mwezi ambao huku kusini mwa dunia ni vuli, majira ambayo kwingine majani hupukutika, ulikuwa ukihamisha vumbi kutoka shamba la mtu huyu kwenda la mtu yule, bila hati wala sahihi.

"Mimi nimemwona kwenye televisheni," alisema Corey Lehmann baada ya kufikiri. "Alikuwa amevaa kofia."

"Huyo alikuwa kazini. Namtafuta asiyevaa kofia."

Corey akakiri kwamba huyo bado hajakutana naye.

Mashairi kumi na matatu, kindi tisa. Bi Verna alikuwa amewahesabu asubuhi jikoni kwake, huku mumewe Col akila mkate wa kubanika na kujifanya hasikii. Kindi tisa, katika wilaya ambayo ukitaka kumwona hata mmoja itabidi upande ndege mbili na ulale vibaya katikati. Mashairi yote yalikuwa na majani mekundu. Saba yalikuwa na ukungu. La Corey lilikuwa na skafu ya sufu, na Corey mwenyewe aliliandika akiwa amevaa kaptura, maana siku ile joto lilifika nyuzi ishirini na tisa na mafuta ya kujikinga na jua yalikuwa yakimtiririka puani.

Halikuwa kosa la watoto. Maneno yalikuwa ukutani. Mwalimu mkuu, Bi Lorraine Hocking, aliyaandika kwa mkono wake mzuri miaka kumi na tisa iliyopita, akayazungushia majani ya karatasi, akayafunika kwa plastiki ili yasizeeke: majani mekundu na ya dhahabu, ukungu mweupe, kindi mchangamfu, moto wa jioni. Kila mwaka vuli ikiingia, watoto wa Tarrawil waliinua macho ukutani, wakachuma maneno kama mtu achumavyo nyanya, wakayapanga kwenye mistari, na wazazi wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza majani hayo yameanguka kutoka mti gani. Miti yetu haipukutishi. Mti wa mallee, mkalitusi wetu mfupi, hukaa na majani yake mwaka mzima, kama mzee na koti lake la kazi; ukimbana sana atavua gome, tena atalivua kiangazi, kwa wakati wake. Mti pekee uliowahi kugeuka mwekundu hapa mjini ni ule wa mbele ya posta, na ule ulikuwa unakufa.

Sasa, Bi Verna hakuwa mwalimu. Alikuwa msaidizi wa darasani. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na nne, kwa sababu ng'ombe wa baba yake hawakuweza kujikamua wenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameosha brashi za rangi, amefunika vitabu, amebandika plasta kwenye magoti ya watoto, kisha kwenye magoti ya watoto wa watoto hao. Katika muda wote huo hakuomba kitu shuleni isipokuwa mopu mpya. Mwaka huu aliomba saa moja.

Ilitokea hivi. Idara ya elimu ilikuwa ikidai ripoti kila Ijumaa, Bi Hocking akawa hana pa kupumulia, na Bi Verna, akiwa ameinama anasugua sinki, akasema kwamba mashairi anaweza kuyafundisha yeye. Alisema bila kuinua kichwa, ili akikataliwa ionekane alikuwa akizungumza na sinki.

Bi Hocking alikubali, kwa masharti. Ijumaa mbili za kufundisha. Ya tatu, watoto wasome mbele ya wazazi katika ukumbi, kama ilivyo desturi. Baada ya hapo yeye na mwenyekiti wa kamati ya shule wataamua kwa sahihi zao: ama saa ya Ijumaa iwe ya Verna moja kwa moja, ama Verna arudi kwenye brashi zake. Mwenyekiti alikuwa Darryl Pfitzner, mwenye shamba kubwa kuliko mtu yeyote upande huu wa reli, na sauti ya kutosha shamba lote hilo.

Bi Verna aliitaka saa ile kuliko alivyokuwa ametaka kitu chochote tangu ujana. Hakumwambia mtu. Col alijua, kwa kuwa mkewe alianza kuvaa viatu vizuri siku za Ijumaa.

Basi akawagawia watoto penseli nyekundu na kanuni moja. Mstari wowote ambao ungeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kukanyaga Tarrawil, ukatwe. Penseli zikapita. Kindi wakafa kimyakimya. Majani ya dhahabu yakapukutika kweli, kwa mara ya kwanza katika historia ya wilaya. Baada ya dakika tano, darasa zima lilikuwa limebakiwa na mstari mmoja, nao ulikuwa wa Tessa Noonan, mdogo kuliko wote, aliyeuandika kwa sababu wenzake walikuwa wamemaliza maneno ya ukutani: *Nzi ameingia kwenye maji yangu.*

Bi Verna alimfanya Tessa ausome mara mbili.

"Hilo ni shairi la kwanza la vuli la Tarrawil," alisema. "Ninyi wengine wote mko nyuma ya nzi."

Ijumaa ya pili aliwatoa nje mpaka kwenye ua wa waya, pale uwanja wa shule unapoishia na ngano ya mtu kuanza, au pale ambapo ngano ingekuwa imeanza kama mvua ingekuwa imenyesha. Walisimama dakika kumi bila kusema. Kila mmoja alitakiwa kurudi na vitu vitatu, kimoja cha puani, kimoja cha sikioni, kimoja cha mkononi. Macho aliyapiga marufuku. Aliwaambia macho yao yameshadekezwa na ukuta. Corey aliuliza itakuwaje kama kitu cha puani ni mwenzake Brodie, akaambiwa akiandike, ila asimtaje Brodie, msomaji atamjua mwenyewe.

Waliporudi ndani walikuwa na moshi wa mabua yanayochomwa, na miiba ya uwanjani iliyowashika soksi, na kelele za kasuku wa rangi ya waridi wakigombania punje chini ya silo la nafaka. Neno "kama" aliliruhusu mara moja tu kwa kila mtoto, kama sukari. Waliandika, wakakata, wakaandika. Brodie aliandika kuhusu babu yake anayegonga kipima mvua kwa kidole kila asubuhi, kukiamsha. Mwingine aliandika kuhusu moshi unaoingia kwenye mkate wa mchana, kwamba ukiula unakuwa umekula shamba la jirani. Corey aliandika hivi:

*Panya wamekula kamba ya kiatu changu.
Cha kushoto tu.
Cha kulia kinasubiri.*

Bi Verna alikisoma kipande hicho akiwa amesimama, kisha akakaa kukisoma tena.

Bi Hocking hakukaa. Jumatano ilipofika aliomba kuyaona, akayapitia mlangoni mwa ofisi, karatasi baada ya karatasi, na midomo yake ikawa inazidi kuwa myembamba. Alikuwa mwanamke mwema, Lorraine Hocking. Aliwafunga watoto kamba za viatu hata baada ya kengele. Lakini alikuwa na mkono mzuri wa kuandika, na watu wenye mkono mzuri hupenda mambo yawe yamenyooka.

"Verna, haya si mashairi," alisema. "Haya ni malalamiko."

"Yana mistari mifupi."

"Wazazi wanakuja kusikia kitu kizuri."

"Wazazi wanakuja kula keki, Lorraine. Tuwape na kitu cha kutafuna."

Bi Hocking aliuliza majani yako wapi. Bi Verna akajibu kwamba yako mtini, na kama haamini achungulie. Mwisho Bi Hocking alisema hatazuia kitu, ahadi ni ahadi, ila Ijumaa ataangalia nyuso za watu ukumbini, na uso wa Darryl atauangalia zaidi. Alirudisha karatasi kumi na mbili.

Kumi na mbili, kwa sababu Elka Pfitzner hakuwa amemaliza lake.

Elka alikuwa binti wa Darryl, mtoto pekee, wa miaka kumi na mmoja, mrefu, wa maneno machache. Tangu shairi lake la kwanza lilipokatwa lote, alikaa na karatasi nyeupe mbele yake, akaikunja pembe zote nne, akaikunjua. Bi Verna hakumsukuma. Alikuwa amekamua ng'ombe wa kutosha kujua kwamba wengine huachia ukiwa umegeuka upande.

Alhamisi baada ya kengele, Bi Verna akiwa anaosha brashi, Elka alikuja akasimama kando ya sinki akamnyooshea karatasi. Bi Verna aliisoma kwa mikono yenye maji. Kisha akafuta mikono, akaisoma upya.

Ili mtu aelewe kilichokuwa kwenye karatasi ile, inabidi ajue desturi ya wanaume wetu. Ngano huku husubiri mvua ya kwanza ya vuli, ile tunayoiita mvua ya kufungua. Ikinyesha, mtu anatoa mashine na kupanda. Ikichelewa, kuna wanaopanda kwenye vumbi kavu na kuomba Mungu. Wakati mwingine Mungu anasikia, wakati mwingine panya wanasikia kabla yake. Mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa, na Darryl Pfitzner alikuwa ametangaza dukani, akatangaza klabuni, akatangaza nje ya kanisa watu wakiwa bado wameshika vitabu vya nyimbo, kwamba yeye hapandi kwenye vumbi. Baba yake hakupanda kwenye vumbi. Babu yake hakupanda kwenye vumbi. Anayepanda kwenye vumbi, alisema, anatupa mbegu kwa njia ndefu. Majirani wakaitikia kwa vichwa wakasema nao wanasubiri. Mtu ambaye angeonekana ametoa mashine yake wiki ile angechekwa mpaka Krismasi.

Na shairi la Elka lilisema baba yake hushinda wapi mchana.

"Haya umeyaona?" aliuliza Bi Verna.

"Yote."

"Na unajua kesho nani atakuwa amekaa mstari wa mbele?"

"Baba na mama." Elka alivuta soksi yake juu. "Ndiyo maana nimeandika."

Alieleza kidogo kidogo, akilitazama bomba. Mama yake, Janine, hufanya kazi kwenye duka la dawa katika mji mkubwa. Kila mwaka huchukua likizo ya kupanda, anaendesha lori la mbegu, na baba anakuwa kwenye trekta. Mwaka huu ameambiwa asichukue likizo bado, hakuna kinachoendelea. Kwa hiyo baba anapakia mbegu peke yake, anaendesha peke yake, anarudi kabla gari la mama halijaingia.

"Hawezi kumwambia mama bila kumwambia kila mtu," alisema Elka. "Kwa sababu ameshamwambia kila mtu."

Bi Verna alirudi kwenye brashi. Angeweza kumwambia mtoto aandike kuhusu panya. Panya hawana kamati, hawatii sahihi karatasi za mtu. Angesema ni kwa faida ya Elka mwenyewe, na ingekuwa karibu kweli, na kesho watu wangecheka kamba ya kiatu ya Corey, na Darryl angecheka kwa sauti kuliko wote, na saa ya Ijumaa ingekuwa imepatikana kabla keki haijaisha. Aliliwaza hilo kwa muda ambao brashi tatu huchukua kuoshwa.

Kisha akaichukua karatasi tena na kuweka kidole kwenye mstari wa tano. Mstari ulisema moyo wa baba ulikuwa unalia.

"Umeuona moyo wake?"

"Hapana."

"Basi kata."

Elka akakata. Bi Verna akaikunja karatasi na kuiweka kwenye mfuko wa aproni yake. Katika faili la Bi Hocking haikuingia. Bi Hocking alikuwa na mambo mengi ya kumhangaisha, na hakuna sababu ya kumwongezea mtu mzigo siku ya Alhamisi.

Ijumaa ya tatu watu walijaa ukumbini, wakiwa wamekaa kwenye viti vya chuma ambavyo hulia mtu akibadilisha mguu. Birika kubwa la umeme lilikuwa likinguruma pembeni, na keki za chokoleti na nazi zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa ili Merv Lehmann, babu yake Corey, asizianze mapema. Merv alisimama nyuma kabisa karibu nazo, akisema mgongo wake haupendi viti. Darryl alikaa mbele, amenyoa, kofia juu ya goti, Janine kando yake akiwa bado na sare ya duka la dawa. Bi Hocking alifungua kwa maneno machache kuhusu majira na vipaji. Hakuyataja majani.

Tessa alianza na nzi wake. Ulikuwa mstari mmoja, kisha akawainamia watu kama amesoma waraka mzima wa mtume, na watu wakapiga makofi kwa nguvu kuliko walivyotarajia wenyewe. Corey alisoma kamba ya kiatu, akainua mguu wa kushoto kuthibitisha. Watu walicheka, lakini si kile kicheko cha kumfurahisha mtoto. Walicheka kama wanavyocheka dukani, wakiangaliana. Brodie alipomsoma babu anayeamsha kipima mvua, wanaume wanne waliangalia viatu vyao, maana wote wanne huamsha cha kwao. Bi Verna, aliyekuwa amesimama kando akiwa na orodha ya majina, alimtupia Bi Hocking jicho. Midomo ya Bi Hocking ilikuwa imerudi kwenye unene wake wa kawaida. Hapo mtu mwingine angeruka jina la Elka. Angesema mtoto anaumwa koo.

"Elka Pfitzner," alisema Bi Verna.

Elka hakuwa na sauti kubwa. Hakuihitaji; watu walinyamaza wenyewe kwa heshima ya mwenyekiti.

*Vuli ni baba kwenye shamba la nyuma,
pale barabara haioni.
Anapanda kwenye vumbi.
Mashine inapita, vumbi linafunga nyuma yake
kama hakuna aliyepita.
Akirudi namkung'utia kofia
kabla mama hajafika.
Ua umevunjika.
Baba alimwambia mama ni kangaruu.
Kangaruu hana matairi.
Baba alikuwa amelala
na trekta lilikuwa macho.*

Kwenye kangaruu walicheka, ukumbi mzima, kicheko kilichowatoka kabla hawajajua wanamcheka nani. Mistari miwili ya mwisho ikawakuta bado midomo wazi.

Darryl alikuwa anaitazama kofia yake. Shingo ilikuwa imemwiva. Bi Verna aliona mkono wa Bi Hocking ukishika kidani chake na kubaki hapo, na akajua bila kuambiwa kwamba ile sahihi imekwenda. Alijishangaa kwamba hakutamani hata mstari mmoja urudi.

"Ulilala, Darryl?" Janine aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama vile wako wao wawili tu, jikoni.

"Dakika moja," alisema Darryl.

"Trekta likiwa linakwenda."

"Taratibu."

Janine alinyoosha mkono, akaichukua ile kofia kutoka gotini kwake, akaigeuza ndani nje, akaitazama. Aliiweka juu ya goti lake mwenyewe. Elka alikuwa bado amesimama mbele na karatasi yake, hajui kama amemaliza.

Huko nyuma mtu alikohoa. Alikuwa Merv Lehmann, na mkononi alikuwa tayari na kipande cha keki, kitambaa au bila kitambaa.

"Mbegu unazizika kina gani?" aliuliza.

Darryl hakugeuka. "Sentimita tatu."

"Mimi nne," alisema Merv. Akatafuna, akameza. "Nadhani nimezidisha."

Viti vyote vya chuma vililia kwa pamoja watu wakigeuka. Merv Lehmann, aliyesema wiki hiyo hiyo pale pale dukani kwamba vumbi ni la wajinga. Aliwarudishia macho bila aibu, akaeleza kwamba ni mashamba mawili tu, yale ya bondeni, na kwamba mtu asimlaumu, alisikia Darryl anasubiri akaona ndiyo nafasi yake ya kumtangulia. Mwanamume mmoja katikati ya ukumbi akasema kwa kunung'unika kwamba yeye amemaliza la shayiri tangu Jumanne. Mwingine akauliza ni mbegu gani. Mkewe akamuuliza yeye alipanda lini. Bi Verna alimtafuta Col kwa macho, akamkuta amekaa pembeni akichunguza dari kwa makini, kama fundi aliyeitwa kuikagua. Hilo halikumshangaza, yeye ndiye anayefua soksi zilizojaa vumbi la shamba.

Ndani ya dakika mbili, wanaume wote wa Tarrawil walikuwa wanabishana kuhusu kina na panya, wilaya nzima iliyokuwa ikimsubiri Darryl Pfitzner ikiwa imepanda nyuma ya kila kilima kisichoonwa na barabara. Bi Verna akachukua kijiko, akakigonga kwenye kikombe.

"Bado kuna watoto wanne," alisema. "Nao wamesubiri zamu yao kuliko ninyi mlivyosubiri mvua."

Wakanyamaza. Watoto wanne wakasoma. Walisikilizwa kwa namna ambayo sijawahi kuona watoto wakisikilizwa katika ukumbi ule, kila mtu mzima akiwa amekaa wima, akiogopa kwamba anayefuata ni wa kwake.

Keki zilipokwisha, Bi Verna alikuwa kwenye sinki la ukumbi, vikombe vimemfika viwiko. Darryl alikuja akasimama kando yake na kikombe chake. Hakukiweka.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu jana saa tisa."

"Ungenipigia simu, Verna."

"Ungeniambia niliondoe."

"Ningekuambia," alikiri.

"Basi ndiyo maana simu ilipumzika."

Alikizungusha kikombe mkononi. Alikuwa mtu mkubwa, na pale karibu na sinki alionekana hajui aweke wapi mabega. Aliuliza kama ule mstari wa kangaruu ni yeye Verna aliyemtungia mtoto. Bi Verna akamwambia kwamba mle ndani yeye hana hata koma moja. Kazi yake ilikuwa kukata, na alikata mstari mmoja tu, wa moyo. Darryl aliuliza ulisemaje. Akajibiwa kwamba ulikatwa, na kilichokatwa hakisomwi. Akaitikia kwa kichwa polepole, akakizamisha kikombe ndani ya maji yeye mwenyewe, akaondoka kwenda kumtafuta mkewe. Kuhusu saa ya Ijumaa hakusema lolote. Bi Hocking alikuwa ameshaondoka na faili lake.

Wiki nzima iliyofuata habari ya sahihi haikuja. Bi Verna aliosha brashi, akafunika vitabu, akabandika plasta. Mvua haikunyesha. Lakini matrekta sasa yalikuwa mbele, kandokando ya barabara, mchana kweupe, na kila mtu akimpungia mwenzake mkono. Bi Hocking alimsalimu kila asubuhi kwa adabu yake ile ile, akaingia ofisini, akafunga mlango. Bi Verna hakuuliza. Alijiambia kwamba alikuwa amezipata Ijumaa tatu, na kuna watu wanaokufa bila hata moja. Kisha akajiambia aache upuuzi, alikuwa anaitaka ya nne.

Ijumaa saa nne asubuhi watoto walikaa, wakatoa penseli bila kuambiwa. Bi Verna alisimama mlangoni na kitambaa cha kupangusia, hajui kama aingie au atoke. Mlango wa ofisi ukafunguka. Bi Hocking alikuja kwenye korido bila ripoti mkononi, akampita, akaingia darasani. Bi Verna akajua basi, mwenye saa yake ameirudia. Akaanza kukunja kitambaa.

Bi Hocking hakwenda mbele ya ubao. Alivuta kiti kidogo cha watoto kwenye meza ya Tessa na Elka, akakaa, magoti yakamfika karibu na kidevu.

"Darryl alitia sahihi Jumatatu," alisema bila kumtazama. "Mimi ndiye niliyekawia. Nilitaka kwanza nione inavyofanyika."

Tessa akamsogezea karatasi. Corey, kutoka meza ya pili, akamwazima penseli, akamwonya kwamba ncha yake huvunjika ukibonyeza sana. Bi Hocking akamshukuru. Akaitazama karatasi nyeupe, akauliza, kwa sauti ya chini ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuisikia kwake, aandike nini.

"Ulichokutana nacho leo asubuhi kabla hujafika hapa," alisema Bi Verna. "Halafu tutaona cha kukata."

Darasa likainama. Kwa muda mrefu Bi Hocking hakufanya kitu. Penseli iligusa karatasi, ikainuka, ikagusa tena. Kisha akaanza kuandika kwa haraka, kwa mwandiko mbaya, na mkono wake wa kushoto ukazunguka karatasi polepole na kuifunika, jinsi wanavyofanya watoto wasiotaka jirani aone. Bi Verna, aliyekuwa akija upande ule, akageuka akapitia upande wa pili wa meza.